Ripoti ya mazingira ya shilingi 280,000: makaratasi safi, bahari ya maji mafu

Sisi ni wanachama 11 wa chama cha uwekezaji hapa Nairobi, na tunamiliki kiwanja cha chini ya ekari mbili kando ya mkono wa bahari wa Kilifi, ambapo tunakusudia kujenga nyumba sita za wageni. Kabla ya kuchimba msingi tulihitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, njia ya kuipata leseni hiyo hupitia tathmini ya athari kwa mazingira iliyofanywa na mtaalamu aliyesajiliwa. Wenzangu walinituma mimi kutafuta kampuni, nami nikaipata moja yenye ofisi upande wa Kilimani. Sitaitaja jina, kwa kuwa ninachotaka kupima hapa ni huduma yenyewe, na atakayeajiri kampuni nyingine anaweza kuuliza maswali yale yale.

Kuhusu makaratasi sina lawama. Walitupa mchanganuo wa gharama ulioeleweka, barua zetu zilijibiwa siku ile ile, na walipoona kwamba nakala ya hati tuliyowapa ilikosa ukurasa mmoja, walituarifu kabla ya kuwasilisha chochote. Mtu anayetaka jalada lililopangwa vizuri hatajutia fedha zake.

Kasoro zilijitokeza ufukweni. Ziara yao ilikuwa moja tu, ya siku moja na nusu, mwezi wa Februari wakati wa upepo wa kaskazi, nao wakafika katika siku za maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haikupwi sana. Katika pwani yetu, maji ya bamvua yanapofika, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, na bahari hupenya chini ya mikoko hadi mahali ambapo juma moja kabla mtu angeapa kuwa ni nchi kavu. Niliandamana nao siku hiyo. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akirekebisha dema, mtego wake wa samaki, alituita akasema, “Wanangu, haya ni maji mafu. Rudini mwezi ukiandama muone,” kisha akachora mstari mchangani kwa fimbo yake, ukapita nyuma kabisa ya kigingi cha nyumba ya pili. Kiongozi wa msafara aliitikia kwa adabu na akaupiga picha ule mstari. Nimeisoma ripoti mara tatu na sijauona, si kwenye ramani wala kwenye viambatisho.

Ukurasa wa 31 unasema kwamba kiwanja chetu kina udongo mweusi wa mfinyanzi na kwamba kinapitiwa na mto wa msimu. Kiwanja chetu hakina udongo huo hata wa kujaza kiganja, na mto huo hatujawahi kuuona. Nadhani aya hiyo ilitoka kwenye ripoti ya maghorofa ya Syokimau ikasafiri hadi Kilifi bila hata kupumzika Mtito Andei. Kosa hilo lingekuwa la kuchekesha kama lisingezaa pendekezo la maji taka. Kwa kuwa waliuchukulia udongo kuwa mzito, walipendekeza mashimo ya kawaida ya kunyonya maji, ilhali chini yetu kuna jabali la matumbawe lililojaa vitundu, ambalo hupitisha maji machafu upesi hadi kwenye visima na hatimaye baharini, ambako rutuba yake hustawisha mwani unaozisonga nyasi za bahari. Kasa nao wametengewa kurasa mbili kuhusu utagaji wa mayai kwenye fuo za mchanga, lakini ukingo wetu, ukiondoa kipande kidogo wanapoegesha ngalawa, ni tope tupu.

Sehemu ya mikoko ni habari nyingine kabisa, na ndiyo iliyonifanya nisiitupe ripoti yote. Iliandikwa na dada mmoja kijana, mtaalamu wa mimea, ambaye alivua viatu akaingia topeni hadi magotini huku wenzake wakisubiri kivulini. Alitofautisha aina nne za miti hiyo: mlilana unaoitazama bahari, mkoko wenye mizizi iliyopinda kama matao, mkandaa, na mchu ulioachwa nyuma. Alinionyesha mizizi ya mchu inayochomoza topeni kama penseli, akaeleza kwamba mti huo hupumua kwa mizizi hiyo, hivyo udongo wa kuchimbia msingi ukimwagwa juu yake, mti utakufa ukiwa umesimama bila kuguswa na panga. Ndivyo ilivyotokea Mwache, karibu na Mombasa, baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, tope la bara lilipofunika mizizi. Aliandika waziwazi udongo wetu upelekwe wapi, na akakumbusha kwamba mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, kwa hiyo kigingi chetu cha mwisho kisidhaniwe kuwa kibali cha kufyeka.

Maoni ya wananchi yalikusanywa kwa fomu 14, na kati ya hizo tatu tu ni za wavuvi. Kikundi cha usimamizi wa ufuo, ambacho wenyeji hukiita BMU, hakikufikiwa. Mradi wetu ni mdogo, sawa, lakini leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Lamu ilifutwa na Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira Juni 2019, na miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Nilipolalamika, mwanzoni walidai malipo mapya. Baada ya barua kadhaa walikubali kumrudisha yule dada pamoja na mpimaji wakati wa maji ya bamvua ya Machi, nasi tukalipa nauli ya treni. Mstari wa maji ulisogea mita 17 kuelekea nchi kavu, karibu kabisa na pale fimbo ya mzee ilipopita, na pendekezo la mashimo likafutwa, nafasi yake ikachukuliwa na tangi lililozibwa linalosafisha maji kabla ya kuyatumia bustanini. Hali ya ufuo wakati wa kusi, msimu wa upepo wa kutoka kusini, hawajaiona hadi leo.

Nawapa nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za yule dada. Ukiwaajiri, dai tarehe ya ziara iandikwe kwenye mkataba, na uilinganishe na jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kutia sahihi. Nyumba yetu ya pili sasa imechorwa nyuma ya mwembe, na ya sita tumeiondoa.