Neti ya mstatili yenye dawa: uzoefu wangu Kisumu

Ninayotumia ni ya poliesta, sentimita 190 kwa 180, kimo 150, juu ya kitanda cha futi nne kwa sita kwenye nyumba ya mabati. Kwa kuzuia mbu naipa nyota nne kati ya tano. Malalamiko mengi ninayosikia kuihusu yanatokana na jinsi ilivyofungwa.

Ya duara inapendwa kwa sababu inataka msumari mmoja tu. Shida ni kwamba pande zake hulala kimshazari, zikagusa miguu na viwiko, na pale ngozi inapogusana na neti mbu huuma kupitia matundu. Ya mstatili inataka kamba nne. Pigilia misumari kwenye mbao za paa, nje kidogo ya pembe za kitanda, ili pande zining'inie wima. Dari ya neti iwe kama sentimita 120 juu ya godoro, zibaki 30 za kuchomeka chini yake. Ukiipandisha zaidi ukitafuta hewa, pindo halifiki, na mtoto akijigeuza usiku linachomoka.

Ikitoka kwenye pakiti, iachwe wazi kivulini siku nzima. Ukiilalia papo hapo uso unawasha na kupiga chafya hakukosi.

Kuosha ndiko kunakoua dawa mapema. Maji baridi kwenye beseni, sabuni ya kawaida ya kipande, usisugue kwa brashi, usiloweke usiku kucha, usitie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Anika kivulini, kwa maana jua linaharibu dawa. Mara moja kila miezi mitatu inatosha. Neti hizi zimetengenezwa kuhimili kuoshwa kama mara 20, au miaka mitatu. Maji yake usimwage ziwani wala mtoni, dawa hiyo inaua samaki. (Na neti si ya kuanikia omena, yaani dagaa, ingawa ufukweni utaziona zikitumiwa hivyo.)

Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua iliyoongezwa PBO, kemikali ya kuisaidia dawa ya neti. Mbu wengi wa upande huu wa Kenya wamezoea dawa za jamii ya pairethroidi; PBO inazuia vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuivunjavunja sumu hiyo mwilini.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya joto, ambalo Kisumu si mchezo, na kwa sababu poliesta hunasa kwenye vibanzi vya mbao za kitanda ikachanika upande wa chini. Piga msasa mbao hizo, na tundu lolote lishone siku hiyo hiyo kwa uzi wa kawaida. Kunguni pia haiwamalizi. Wengi wao wamezoea dawa hizi.

Haikusaidii ukiwa umekaa nje jioni. Hapo vaa mikono mirefu, paka mafuta ya kufukuza mbu yenye DEET asilimia 20 hadi 30, vifundoni hasa. Koili ya mbu si mbadala wa neti, na isiwashwe karibu nayo, kwani neti inashika moto. Alfajiri nako kuna mtego: Anopheles funestus, mmoja wa wabebaji wakuu wa malaria huku, huendelea kuuma hata kunapokucha, kwa hiyo wanaochelewa kuamka wasifunguliwe neti mapema.

Wajawazito na watoto wachanga hupewa neti bure kliniki. Uliza kabla ya kununua.