Uzoefu wangu: helmeti yangu mwenyewe kama abiria wa boda, Mombasa

Nakaa Bombolulu na kazi yangu iko kisiwani, upande wa Digo Road. Sisi wa kaskazini mlango wetu wa kuingia kisiwani kwa gari ni mmoja, Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980, na asubuhi watu wa Kisauni, Bamburi na Mtwapa wote twaukimbilia huo huo. Matatu hukwama Kongowea, boda hupenya. Ndiyo maana napanda boda, na ndiyo maana nilinunua helmeti ya abiria. Naandika kwa sababu kina mama wenzangu kila mara huniuliza bei yake, na kama inavalika juu ya mtandio.

Yangu ni ya kufunika kichwa kizima hadi kidevu, ina kioo cheupe na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Nilitoa shilingi 3,500. Zipo za bei ya chini, lakini nilizoshika dukani zilikuwa ganda jepesi na sponji laini tu, na hapo ndipo penye tofauti yote. Ganda la nje hutawanya pigo, lakini kinacholinda ubongo ni lile povu gumu la ndani, ambalo hubonyea ili fuvu lisibonyee. Ile ambayo dereva huning'iniza kwenye usukani kwa ajili ya abiria, mara nyingi povu lishamegeka na mkanda umefungwa fundo. Helmeti isiyokazwa kidevuni huchomoka kabla kichwa hakijafika lami. Uchambuzi wa mwaka 2008 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, uliokusanya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba kwa mtu wa pikipiki aliyepata ajali, helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwangu mimi hilo lilimaliza mjadala wa bei.

Mtandio: inavalika, ila si mtandio wenye pini wala nywele zilizofungwa fundo kubwa kisogoni. Navaa kofia nyepesi ya pamba, kisha helmeti, na mtandio najitanda nikishafika. Ijaribuni dukani mkiwa na hiyo kofia ya ndani. Inapaswa kubana mashavu, na ukitikisa kichwa isicheze. Na buibui, jamani, likusanyeni lote mlikalie kabla pikipiki haijaondoka. Pindo likinaswa na mnyororo au spoku, helmeti haitakuzuia kuvutwa chini. Kukaa upande nimeacha kabisa. Dereva akifunga breki ghafla huna pa kushikilia.

Mahali ninapoiona thamani yake zaidi si kwenye mwendo kasi, ni kwenye foleni. Boda hupita kati ya mistari miwili ya matatu, au hujipenyeza kushoto, na kushoto ndiko mlango wa matatu ulipo. Utingo hufungua bila kutazama, abiria wanaruka chini, mkokoteni wa sokoni unakatiza. Upande wa Kibarani na Changamwe hatari ni nyingine: matrela ya bandarini. Dereva wa trela haoni kilicho ubavuni mwake karibu na kichwa cha gari, na akikata kona ile kontena ya nyuma hufagia upande wa ndani wa kona. Huko nikimwambia kijana, "Mwanangu, tumwache atangulie," nataka anisikie, na yule asiyesikia simpandi tena. Nina dereva mmoja wa steji yetu ninayempigia simu. Huvaa helmeti yake, hapakii mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na Sheria ya Trafiki tangu marekebisho ya 2012 inasema hivyo hivyo: abiria mmoja tu, na wote wawili wawe na helmeti na jaketi ya rifleka.

Kasoro zipo. Joto la Februari na Machi ni kali mno, matundu ya hewa hayasaidii mkiwa mmesimama kwenye foleni. Unyevu wa pwani huifanya sponji inuke upesi, hivyo chagueni yenye kitambaa cha ndani kinachotoka. Mimi hukifua kwa sabuni na kukianika kivulini. Ni kubwa kuibeba ofisini. Masika kioo hushika ukungu, nalazimika kukiinua kidogo. Na haiwezi kutumika tena baada ya kugonga chini kwa nguvu hata kama ganda halina ufa, kwa sababu povu likishabonyea halirudi.

Muuzaji alinisukumia kioo cheusi akisema kinapendeza zaidi na huzuia jua. Mchana sawa. Lakini mimi hurudi baada ya magharibi, na mwenye helmeti ya kioo cheusi saa hizo hukiinua ili aone, akabaki uso wazi. Chukueni cheupe.