Kizimba cha vyumba viwili: kinafaa kumpokelea kuku mgeni?

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo wasemavyo, na katika nyua nyingi za Mombasa, Kisauni mpaka Likoni, methali hiyo hufuatwa kama ilivyo. Koo amebaki peke yake, wenzake wameondoka na kideri, ule ugonjwa wa kuku wa kuambukizana, au wamechinjwa sikukuu. Mwenye nyumba ananunua wengine wawili, anawafunga kamba wasipotee, anawaacha uani na mwenyeji wao. Kupotea hawapotei kweli. Lakini kuku anayedonolewa hana ngao ila miguu yake, na miguu ndiyo iliyofungwa. Mwenyeji humfuata mgeni pale pale kwenye kigingi, humdonoa utosini mpaka damu itoke, na kuku akishaiona damu haachi tena.

Kizimba cha waya cha vyumba viwili kimekuja kuchukua nafasi ya kamba hiyo. Mafundi wa mbao na wa kuchomelea walio kando ya barabara hapa mjini hukitengeneza kwa kuagizwa, na wengine huwa nacho tayari kimesimama mbele ya karakana. Kila fundi ana mkono wake, kwa hiyo tunayopima hapa ni umbo lenyewe na namna linavyotengenezwa mara nyingi. Kati ya nyota tano, kilichorekebishwa tunakipa nne. Kikinunuliwa na kutumiwa hivi hivi, mbili.

Vipimo vinavyofaa ni futi 8 kwa 4, urefu wa kwenda juu futi 3. Weldimeshi, ule wavu mgumu wa nyaya zilizochomelewa, huuzwa kwa karatasi za futi 8 kwa 4, kwa hiyo kipimo hicho hakimtupishi fundi vipande. Kikigawanywa katikati, kila chumba kinabaki na futi 4 kwa 4, nafasi ya kuwatosha kuku wawili kwa wiki mbili bila kuanza kunyonyoana. Kuna kidogo cha futi 6 kwa 3, ambacho bei yake huvutia. Humo kila upande ni futi 3 kwa 3, na kuku wawili wakikaa siku kumi kwenye nafasi hiyo hutoka wakiwa wakali kuliko walivyoingia. Hicho tusingekinunua.

Roho ya kizimba ni ukuta wa kati. Chuchumaa, usukume kwa kiganja. Ukibonyea kama wavu wa kuvulia, umewekewa ule waya mwembamba wa kuku wenye matundu ya pembe sita, na huo haufai hapa. Kuku hupitisha kichwa kwenye tundu la inchi mbili bila shida. Taabu huja anapokirudisha, maana undu, ile nyama nyekundu ya kichwani, hunasa kwenye waya na kuchanika huku mwenzake yuko upande wa pili anamngoja. Takeni weldimeshi ya matundu ya nusu inchi, au ya inchi moja isizidi. Vidole viwili vikipita pamoja kwenye tundu, ni kubwa mno.

Kisha tazama ukuta huo unavyofunguka. Mafundi wengi hukata kimlango kidogo katikati yake, cha kupita kuku mmoja, na wateja hukipenda kwa kuwa kinapendeza. Ni kosa. Mwenyeji atasimama mbele ya kimlango hicho kama bawabu, na kila mgeni atakayechungulia atapigwa. Ukuta unatakiwa kuteleza wote kwenye mfereji wa mbao na kuvutwa juu, utoke mzima, vyumba viwili viwe kimoja kwa mara moja. Mbao ikivimba wakati wa masika hunasa, kwa hiyo mfereji uachiwe nafasi ya nusu sentimita.

Kasoro kubwa kuliko zote ni paa. Vizimba karibu vyote huezekwa mabati matupu. Kuku hatoki jasho. Hupoza mwili kwa kuhema akiwa amepanua mdomo na kuinua mabawa, na joto likishapita digrii 30 kazi hiyo humchosha. Kuku wa uani hukimbilia chini ya mwembe. Aliye kizimbani hana pa kwenda. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, bati tupu linaweza kumuua kuku mchana mmoja. Dawa yake ni rahisi: weka makuti juu ya bati, yakiinuliwa kwa fito ili upepo upite katikati, na upande wa jua la alasiri uninginize gunia. Maji yawe vyombo viwili katika kila chumba. Kuku wa mayai hunywa kama robo lita kwa siku, na joto likizidi hufika nusu lita. Lakini paa lisiondolewe kabisa, kwa sababu kunguru wa hapa mjini hawaachi yai wala chakula kilicho wazi.

Ya pili ni chini. Udongo wetu ni kichanga, na nguchiro au panya huchimba akaingia usiku mmoja. Badala ya sakafu ya mbao inayooza, zungusha kipande cha weldimeshi cha upana wa futi moja kikilala nje ya kizimba, kimefungwa kwenye fremu na kufukiwa kidogo. Anayechimba huanzia ukutani, hukutana na waya, huacha. Ndani tandaza maranda makavu.

Ya tatu ni kutu, kwa hewa hii ya chumvi. Kuna weldimeshi iliyochovywa zinki kabla ya kuchomelewa, na kuna iliyochovywa baada. Tazama pale nyaya mbili zinapokutana: kama kiungo kimefunikwa na zinki laini kila upande, imechovywa mwisho, na itadumu. Kama kiungo kina doa jeusi la moto, kutu itaanzia hapo. Komeo nalo liwe la kupitisha kufuli au pini. Ndoana ya waya hufunguliwa na paka.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kizimba hiki hakifanyi kazi ya karantini. Waya huzuia midomo, hauzuii ugonjwa. Kuku wa sokoni amebanwa ndani ya tenga moja na kuku wa mashamba mengi tofauti, na kideri huchukua siku 2 hadi 15 kujionyesha. Kwa hiyo wageni wakae kwanza siku 30 mahali pengine, nyuma ya nyumba au kwa jirani asiyefuga, mbali kadiri uwanja unavyoruhusu. Mwenyeji ahudumiwe kwanza, wageni mwisho, na ndara za kuingilia kwa wageni ziwe nyingine, si zile za siku zote. Chungua kuzunguka macho na undu: vidoa vyeusi visivyofutika ni viroboto waliojichomeka. Fungua manyoya chini ya mabawa na karibu na mkundu kutafuta chawa. Uso uliovimba pamoja na kamasi yenye harufu ni mafua ya kuku; huyo asiingie kabisa, maana hata akipona hubaki na ugonjwa na kuwaambukiza wengine. Chanjo ya kideri wapewe wote, mwenyeji pia, wiki mbili au zaidi kabla ya kuonana.

Baada ya hapo ndipo kizimba huonyesha thamani yake. Wageni huwekwa chumba kimoja. Mwenyeji hulala chumba cha pili na kutoka mchana kama kawaida yake. Vihori viwili viwekwe vikigusa ukuta wa kati, kimoja kila upande, ili wale wakitazamana. Gramu 120 kwa kila kuku kwa siku zinatosha. Kama wageni ni tembe ambao hawajaanza kutaga, msiwape chakula cha kuku wa mayai; chokaa iliyomo huwadhuru figo. Wote wapewe chakula cha wanaokua, na makombe ya baharini yaliyosagwa yawekwe pembeni kwa ajili ya anayetaga. Huchukua mwenyewe kadiri anayohitaji.

Siku tatu za kwanza mwenyeji atapanda na kushuka kando ya waya, manyoya ya shingo yamesimama, akidonoa weldimeshi. Anaweza kuacha kutaga kwa wiki moja au mbili. Msihesabu siku tu, mtazameni yeye. Siku anapokula akiwa amewapa wageni mgongo, au anapojilaza kuoga mchanga hatua moja kutoka kwenye waya, macho yamefumba nusu na mguu umenyooshwa nyuma, ujue hofu imetoka. Mara nyingi ni kati ya siku ya 7 na ya 14.

Ukuta uvutwe saa kumi alasiri. Mlango wa nje nao uwe wazi, vihori viongezwe kuwa vitatu vilivyoachana hatua mbili au tatu, na uani pawe na vitu vya kujifichia: ubao ulioegemezwa, ndoo iliyolazwa, tawi lenye majani. Mwageni konzi mbili za mahindi yaliyovunjwa yatawanyike mbali. Watadonoana. Mdono mmoja wa kichwani na mgeni akajitenga ni salamu yao, msiingilie. Kufukuzana kusikoisha, au kumpanda mwenzake na kumshika manyoya ya kisogo, hapo ingieni. Damu ikionekana, mtoeni aliyeumia mara moja, mwosheni kwa maji ya chumvi, asirudi mpaka pakauke. Mchokozi naye afungiwe chumba cha pili siku mbili tatu. Akirudi hurudi kama mgeni. Magharibi ikikaribia kila mmoja arudishwe upande wake kwa siku tatu za mwanzo, kwa sababu ugomvi mkali huwa kwenye fito ya kulalia. Fito yenyewe iwe na sentimita 25 kwa kila kuku, na zote zilingane kimo, la sivyo wote watagombea ya juu.

Kuna hali ambazo kizimba peke yake hakitoshi. Kuleta mgeni mmoja tu ni vibaya. Hasira zote zinamshukia yeye. Wawili au watatu hugawana. Wawe na umri wa wiki 16 au zaidi, na umbo lisipitane sana na la mwenyeji. Mwenyeji akiwa kuchi, wale kuku warefu waliozoeleka kwa kupiganishwa, msitarajie wiki mbili. Inaweza kufika mwezi. Na kama mwenyeji ameuzoea uwanja mno hata hataki kuona kivuli cha mwingine, badilisheni mambo: yeye afungwe kizimbani, wageni watembee uani siku nne au tano. Akifunguliwa, uwanja unakuwa si wake peke yake.

Tenga lililofunikwa juu ya mgeni ni bora kuliko kamba, na kwa saa moja mbili za jioni linatosha kuwaonyesha kuku wao kwa wao. Kwa siku kumi halifai, ni joto na halina nafasi ya kugeuka.

Mkiagiza, mwambieni fundi mambo manne kabla ya kumpa malipo ya kwanza: ukuta wote utoke kwa juu, matundu yasizidi inchi moja, kila chumba kiwe na mlango wake wa inchi 16 ili mkono na kuku vipite pamoja, na fremu iwe ya mvinje au mbao iliyopakwa dawa ya mchwa upande unaogusa ardhi. Kuku wakishazoeana, ukuta huo usitupwe. Siku koo mmoja atakapoatamia, au atakapoanza kuchechemea, chumba chake kiko tayari, na akitoka hatakuwa mgeni kwa wenzake kwa kuwa walikuwa wakimwona muda wote.