Loki ya mafuta ya pikipiki: kabla hujalipa, hakikisha mkono unarudi wenyewe

Nilinunua loki ya mafuta, yaani kadude kanakoshikilia mkono wa mafuta (ule wa kulia unaouzungusha kuongeza mwendo) pale ulipouacha, kwa sababu ya kidole gumba. Ukishika mkono wa mafuta masaa matatu mfululizo pale pale ulipo, gumba linaanza kuwaka, ganzi inapanda mpaka kiwiko, na ukishuka huwezi hata kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Wanaosafiri mbali wanaijua hiyo hali. Mkono wa kushoto unaweza kuutoa ukaukung'uta, wa kulia huwezi, ukiuachia tu pikipiki inalegea na anayekufuata anakukaribia mgongoni.

Basi nikaona picha, kadude kadogo keusi kanakobana kwenye mkono wa mafuta, maelezo yanasema inaingia pikipiki zote, nikaagiza bila kuuliza swali hata moja. Siku ya kwanza nikaipenda mno. Siku ya nne, barabara imenyooka, nimefunga loki, lori la mbele likawasha taa za breki. Nikafungua loki kama kawaida, nikaachia mkono, nikashika breki, na pikipiki haikupungua nilivyotegemea. Injini ilikuwa bado inasukuma, kidogo tu lakini inasukuma, breki inavuta nyuma injini inavuta mbele, na mpaka nakumbuka kuminya klachi nilikuwa karibu na lori kiasi cha kuona kutu kwenye skrubu za pleti namba.

Nikapaki pembeni, mikono inatetemeka. Nikazima injini, nikafungua mafuta mpaka mwisho, nikaachia. Mkono ukarudi taratibu, ukakaribia kufunga, ukasimama hapo. Nilipousukuma kwa vidole viwili ndo ukamalizia. Nikainama kuangalia, kumbe ile bano ilipokazwa iliusogeza mpira wa gripu kwenda nje, kama milimita moja hivi, na mpira ukawa unalala kwenye kile chuma cha mwisho wa usukani. Msuguano huo mdogo ulitosha kuishinda springi. Na loki ilikuwa imefunguliwa kabisa! Kwahiyo hata nisingeifunga siku ile, pikipiki yangu tayari ilikuwa imepoteza kitu ambacho kila pikipiki inazaliwa nacho, mkono wa mafuta unaojirudisha wenyewe.

Ndo maana hapa sitaongelea rangi, sitaongelea uzito, wala ipi inapendeza. Hayo utayakuta kila mahali. Mimi naangalia kitu kimoja kwanza: ukifunga hiki kifaa, halafu ukakifungua, mkono unarudi mpaka mwisho na kwa haraka ile ile ya zamani? Kama haurudi, hata upewe bure usikichukue. Marekani wana kiwango cha usalama namba 123 kinachosema wazi kwamba mkono wa mafuta wa kuzungusha lazima urudi wenyewe mpaka injini ibaki kwenye sailensa, ule mzunguko wake wa chini kabisa, dereva akiuachia. Kiwandani wanahangaika kutimiza hilo, sisi tunakuja kuliharibu kwa kadude ka kubana.

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Injini imezimwa, kata usukani kushoto mpaka mwisho, fungua mafuta yote, achia ghafla. Sikiliza. Unatakiwa usikie "tak!" moja kavu. Kata kulia mpaka mwisho, rudia. Nyoosha, rudia. Fanya hivyo kabla hujafunga chochote ili sikio lako lizoee ule mlio, halafu weka loki yako kwenye pikipiki, iache ikiwa wazi, rudia yote. Ukisikia mlio umekuwa mzito au hausikiki, kuna kitu kinagusana. Mwisho, funga loki kabisa, vaa glavu zako nene kuliko zote, halafu jaribu kuurudisha mkono wa mafuta kwa nguvu ya kiganja bila kugusa kitufe chochote. Ikikulazimu kukaza meno, hiyo loki haifai, maana kwenye hatari hutakumbuka kitufe kiko wapi, mkono utafanya ulichozoea miaka yote, kufunga mafuta tu. Baada ya hapo washa injini, pikipiki imesimama na gia imetolewa, kata usukani huku na huku uone kama injini inapanda sauti. Ikipanda, kuna waya unavutwa.

Na hili tuelewane mapema, loki ya mafuta siyo kruzi kontroli. Loki inashika mkono ulipouacha, haishiki spidi. Ukipanda mlima pikipiki itachoka, ukishuka itakimbia, na wewe ndo unatakiwa kurekebisha. Kruzi ya ukweli inashika spidi na ukigusa breki inakata yenyewe.

Sasa nilizozikubali. Namba moja kwangu ni ATLAS, na sifichi kwamba naipendelea. Ni loki ya kubana inayokaa pale ndani, kati ya gripu na kasha la swichi, ina vitufe viwili karibu na gumba, kimoja unafunga, kingine unafungua. Ukifunga, kipande kidogo cha msuguano kinakandamiza kasha la swichi na mkono unabaki ulipo. Nilichokipenda zaidi ni kwamba ikiwa imefungwa bado unaweza kuongeza au kupunguza mafuta kwa mkono bila kuifungua kwanza, inashika kiasi cha kuishinda springi lakini haikushindi wewe. Na ikifunguliwa kile kipande kinaachana na kasha, hakibaki kikikwaruza.

Ila hata hiyo inataka nafasi, na hapa ndo watu wanakosea. Kwenye pikipiki nyingi ule mwanya kati ya mpira na kasha ni mdogo, fundi asiye na subira anausukuma mpira kwenda nje ili loki iingie, na tumerudi kule kule kwenye tatizo langu. Baada ya kufunga, angalia upande wa nje wa gripu, pitisha karatasi kati ya mpira na chuma cha mwisho, izungushe duara zima. Ikikwama, mpira ukatwe kidogo pale mwisho, kwa wembe mkali, taratibu. Wenye gripu za kupasha joto muwe waangalifu zaidi, ule waya wa umeme unatokea upande wa ndani pale pale loki inapotaka kukaa, na unazunguka na mkono. Usiubane. Loki yenyewe inakuja ya aina mbili, ya kufungwa juu na ya kufungwa chini, kwahiyo angalia swichi zako zimekaaje kabla hujaagiza, usije ukajikuta kitufe cha kuwashia injini kinagombania nafasi na gumba.

Ya pili ni Kaoko, ya Afrika Kusini. Hii inakaa mwisho wa usukani, unatoa kile chuma cha kiwandani unaweka chenyewe, na ina pete unayoizungusha kwa vidole ikaze dhidi ya gripu. Inaonekana kama imekuja na pikipiki, na naiheshimu kwa sababu wanatengeneza kwa modeli, wanakuuliza pikipiki yako ni ipi na kama ina vikinga mikono. Na yenyewe ikiwa imekazwa kiasi unaweza kuishinda kwa mkono. Kasoro yake ni kwamba kuifungua unazungusha, hubonyezi, na kuzungusha pete kwa vidole vya mwisho ukiwa na glavu zilizolowa siyo kitu cha sekunde moja. Halafu iko kule kule ambako gripu inaweza kukwama, kwahiyo vumbi na tope vikiingia pale ule mlio wa "tak" unaanza kufa polepole bila wewe kugundua. Pima kila ukiosha pikipiki.

BrakeAway naiweka ya tatu. Wazo lake nimelikubali, ukivuta breki ya mbele loki inajiachia yenyewe, na kwa anayesafiri na mtu nyuma hilo linampa amani. Lakini ni kifaa kikubwa, vipande vingi, na kuachia loki ni jambo moja, mkono kurudi ni jambo lingine. Kipimo changu hakijali loki imeachiwaje. Kama gripu inagusa chuma, breki itaiachia loki vizuri kabisa na injini itaendelea kukusukuma.

Kwa mwenye uwezo, MCCruise ya Australia ni kruzi ya umeme kamili, wanatengeneza kwa modeli, na kwa pikipiki zinazovuta mafuta kwa waya ina mota yake inayovuta mafuta badala yako. Haigusi gripu kabisa, hivyo ugonjwa wangu haipati. Lakini kuifunga siyo kazi ya nusu saa, tanki litashuka, nyaya zitapita kila mahali, na usimpe fundi anayejifunzia kwako. Na kabla hujafikia huko, kama pikipiki yako ni ya kisasa isiyo na waya wa mafuta, ile inayotumia sensa, soma kitabu chake kwanza, zipo zinazoongezewa swichi tu na kruzi ikawepo. Pia kwenye hizo springi ya mkono mara nyingi ni laini, kwahiyo loki yoyote ya kubana inayokaza sana itaishinda kirahisi, pima mara mbili.

Za bei ya chini nitazipitia haraka. Vibano vya plastiki vinavyoegemea mkono wa breki ya mbele, hapana, sitaki kitu chochote kiguse breki yangu. Oringi, ile pete ndogo ya mpira, ya kusukuma kati ya gripu na chuma inashika, ila kuitoa kwa haraka ni bahati. Kile kibati cha kuegemeza kiganja, kama Crampbuster, siyo loki, ukiinua mkono mafuta yanafunga, na kwa mizunguko mifupi kinasaidia ganzi kweli, lakini ukisimama juu ya pedali kwenye mashimo unaweza kukikandamiza bila kutaka na pikipiki ikaruka.

Wauzaji nao, mna kesi na mimi. Hili neno "inaingia pikipiki zote" mlitoe. Haiwezekani kitu cha kubana kikaingia kila gripu wakati unene wa gripu haufanani, urefu haufanani, na mwanya haufanani. Andikeni kipenyo, ni mstari mmoja tu. Nimekuta kadude kale kale kalikotaka kuniua kanauzwa kwa majina matano tofauti, picha ile ile, bei inapishana mara tatu, na hakuna hata mmoja aliyeandika kinataka nafasi ya milimita ngapi. Nilipomwandikia aliyeniuzia akanijibu "kaza zaidi". Nikaze zaidi! Wakati kukaza ndo kulikousogeza mpira. Halafu sifa zote zimeandikwa na watu waliofunga asubuhi hiyo hiyo, wamefurahi kimepokelewa mapema, wamepiga picha kwenye pikipiki iliyopaki. Mtu arudi baada ya mvua mbili na vumbi la wiki ndo atuambie.

Mnaoniuliza kuhusu pikipiki ndogo zenye waya mmoja wa mafuta, mnisikilize vizuri. Zenye waya mbili, mmoja unavuta kufungua na mwingine unavuta kufunga, kwahiyo hata springi ikizidiwa, mkono wako unaweza kulazimisha. Ya waya mmoja inategemea springi peke yake kufunga, ukisukuma mkono unasukuma waya uliolegea, hakuna kinachofunga kule mbele. Kwa pikipiki ya namna hiyo usiweke loki ya aina yoyote mpaka umebadilisha waya uliochoka, umesafisha ndani ya mkono wa mafuta, na umesikia ule mlio usukani ukiwa kushoto, kulia na katikati. Ukiiweka halafu mlio ukapungua hata kidogo, itoe siku hiyo hiyo, na ganzi ya mkono uitibu kwa kusimama kila baada ya saa moja ukanyoosha vidole.