Laptopu ya zamani na net ya nyumbani: ununue nini kwanza, nini uache dukani

Dada yangu kule Tabata analipia faiba ya Mbps 50 (Mbps ndiyo kipimo cha spidi ya net) na kila siku alikuwa analalamika net inakwama, akataka kupandisha kifurushi, nikamwambia dada subiri kwanza usilipe. Tukakaa kochi moja, simu yake ikapima 46, laptopu yake ya mwaka 2011 ikapima 17. Ruta ni ile ile! Hapo hata angelipia Mbps 100 angebaki na 17 yake, maana mlango wa kuingilia, yaani waifai ya laptopu yenyewe, ndio mwembamba. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote fanya hicho kipimo. Simu ikiwa juu na laptopu chini, endelea kusoma, zikiwa chini zote mbili basi shida ni laini au ruta, wapigie waliokufungia.

Namba moja kwangu ni kebo ya mtandao, waya wa kutoka kwenye ruta mpaka kwenye laptopu. Najua watu hawapendi waya kuzagaa sebuleni ila kwa bei yake hakuna kinachoigusa. Hizi Dell Latitude na ThinkPad za mtumba nyingi zina tundu la kebo la gigabiti (Mbps 1000), na hata lako likiwa la Mbps 100 tu bado utapima kama 94 hivi, vifurushi vingi vya nyumbani havifiki huko. Chukua kebo ya daraja la Cat5e, inabeba gigabiti moja mpaka mita 100, Cat6 nayo ni nzuri lakini kwa mita 10 za ndani hutaona tofauti yoyote. Cha kuangalia sana ni shaba. Kuna duka Kariakoo walinikatia mita 15 wakaniapia ni shaba tupu, nimefika nyumbani nikaikwaruza na kisu, ndani nyeupe, kumbe alumini iliyopakwa shaba, ukiikunja mara mbili tatu inakatika. Iliniuma kweli. Kwaruza ukiwa bado hapo hapo dukani, muuzaji mkweli hatakasirika. Halafu fundi akikufungia vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vya mwisho wa kebo, hakikisha nyaya zote 8 zimeshika, gigabiti inazihitaji zote, zikishika 4 tu net itapita vizuri lakini inagota Mbps 100 na wewe utalaumu kampuni ya net bure. Dada alichukua mita 12, laptopu ikapima 48, kifurushi kile kile.

Waya haufiki chumbani? Basi namba mbili, adapta ya waifai ya USB, kidude cha kuchomeka pembeni ya laptopu, lakini iwe ya bendi mbili, yaani 2.4 GHz na 5 GHz. Laptopu nyingi za miaka ile zinashika 2.4 GHz peke yake, na kwenye nyumba za kupanga ambapo kila mlango una ruta yake hiyo bendi imejaa mpaka pomoni, chaneli zisizoingiliana ni 3 tu, yaani 1, 6 na 11. 5 GHz ina nafasi kubwa zaidi, ila ukuta wa tofali unaichosha haraka, ruta ikiwa vyumba viwili mbali usitegemee maajabu. Kama bandari zako ni USB 2.0 zile nyeusi, TP-Link Archer T2U Nano inatosha, kwenye 5 GHz imeandikwa Mbps 433, usiitafute hiyo namba kwenye kipimo, ukipata nusu yake umepata sana. Ukiwa na bandari ya bluu ya USB 3.0 chukua Archer T3U. TL-WN725N iache, ni ndogo na rahisi na wauzaji wanaipenda sana kuitoa, lakini ni 2.4 tu, utakuwa hujahama popote. Na jamani kagua kwanza ruta yenyewe inatoa 5 GHz, isipotoa hela yako imepotea. Draiva, ile programu ya kuifanya laptopu iitambue adapta, ishushe mapema kwa simu.

Namba tatu itakushangaza, SSD, ile diski ya kuhifadhia isiyozunguka na yenye kasi. Haiongezi hata Mbps moja, lakini kama kipimo chako ni kizuri na bado kurasa zinafunguka kwa kujivuta, anayekuchelewesha ni diski ya kuzunguka, kwa sababu brauza inasoma na kuandika vitu kwenye diski muda wote. Ya SATA inchi 2.5, GB 240, inakutosha. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ikiwa GB 4 ongeza ifike 8 siku hiyo hiyo fundi akiwa ameshafungua.

Kadi ya waifai ya ndani naiweka namba nne japo ni ya bei ndogo, maana ThinkPad na HP nyingi za zamani BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, inakataa kadi isiyo kwenye orodha yake, ThinkPad inakuandikia kosa namba 1802 na haiwaki mpaka uitoe. Nunua tu kama fundi anakubali kuijaribu mbele yako kabla hujalipa.

Mkiani kabisa ni repita ya bendi moja, kile kifaa cha kusogeza waifai ya ruta mbali zaidi. Inapokea na kurusha kwa chaneli ile ile, hivyo spidi inakatika karibu nusu, inakuongezea minara ya waifai kwenye skrini na kukupunguzia net. Na zile programu za kulipia zinazoahidi kuongeza spidi ya intaneti usiziguse kabisa, hakuna programu inayopanua waifai ya 2.4 iwe 5.