Tabo kwa Gari la Nyanda za Juu: Cha Kununua na cha Kuacha

Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina presha ya bar 0.83 hivi, wakati Dar es Salaam ni 1.01. Ndiyo maana Toyota IST iliyokuwa nyepesi pwani ikifika huku inalegea: injini isiyo na tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini) inapoteza kama asilimia 17 ya nguvu zake. Tabo inayotoa bar 0.2 tu inarudisha nguvu hizo. Kwa hiyo tafuta tabo ndogo inayojaa mapema, siyo kubwa la kuonyeshea watu. Ujue pia kwamba ili geji isome bar 0.5 juu ya presha ya hewa ya nje, tabo ya Mbeya inaikandamiza hewa mara 1.6, ya Dar mara 1.5. Huku inazunguka kasi zaidi na kutoa hewa yenye joto zaidi, hivyo intakula (kipoza hewa) ni lazima.

1. Injini ya mtumba iliyotoka kiwandani na tabo

Tunaiweka juu kabisa bila kusita. Chukua 4E-FTE ya Starlet: cc 1,331, uwiano wa mgandamizo (silinda inavyoibana hewa) 8.2 kwa 1, wakati ndugu yake 4E-FE asiye na tabo ana 9.6. Pistoni, njia za oili na maji, nozeli, vyote vilipangwa kwa ajili ya tabo. Mwenye Mark II GX110 atazame 1JZ-GTE. Mwenye Forester au Impreza ya kawaida, EJ205.

Dai vitu hivi vikiwa pamoja: kontroboksi (kompyuta ya injini), waya nzima isiyokatwa, sensa zote, intakula na paipu zake, na ikiwezekana giaboksi. Muuzaji akikwambia waya "fundi ataunga", mwachie injini yake. Fungua kifuniko cha oili uangalie tope jeusi, kisha pima kompresheni. Kwa mwinuko wa huku kipimo kitasoma chini ya namba za kitabu kwa karibu moja ya sita, usishtuke. Linalotakiwa ni silinda zisipishane zaidi ya bar 1. Namba ya injini ikishabadilika, nenda TRA ukarekebishe kadi ya gari, usije ukasumbuana na bima siku ya ajali.

2. Kiti (seti ya vifaa) cha tabo kwa Land Cruiser ya injini ya 1HZ

Dizeli hii ya cc 4,164 inapanda mlima wa Kitonga na mzigo huku ikitoa moshi mweusi, kwa sababu mafuta yapo, hewa ndiyo haitoshi. Hapo tabo inasaidia kweli. Lakini uwiano wake wa mgandamizo unazidi 22 kwa 1, kwa hiyo ishia bar 0.5. Nunua kiti chenye geji ya joto la moshi, na kipimo kikiwekwa kabla ya tabo kisivuke nyuzi 700. Fundi akikushawishi afungue pampu ya dizeli ili "ivute zaidi" bila geji hiyo, matokeo yake ni silinda hedi kupasuka.

3. Tabo ndogo ya mtumba juu ya 1NZ-FE au 5A-FE, injini za Toyota zisizo na tabo

Hii ndiyo kazi ya nyumbani yenyewe, na ndiyo inayoua injini nyingi. Tabo ya TD04 ya Subaru inatosha. Ukiishika dukani, itikise shafti: kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida, lakini ukiisukuma na kuivuta kwa mbele na nyuma usisikie kitu. Mapanga yasiwe yamekwaruza nyumba yake. Chungulia upande wa moto, karibu na kilango cha kupitishia moshi wa ziada. Ufa mkubwa hapo, irudishe.

Oili ya kuingia chukua kwenye swichi ya presha kwa kiungo cha T. Ya kurudi ndiyo wengi wanaikosea: paipu iwe na upana wa ndani wa milimita 16 hadi 19, iteremke moja kwa moja bila kujikunja, na iingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Ikiwa nyembamba, oili inarundikana, inapenya kwenye sili, gari linatoa moshi wa bluu na tabo isiyo mbovu inalaumiwa bure. Shusha sampu kabla ya kuitoboa. Chembe za chuma zikibaki ndani, injini itanoki.

1NZ ina uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1 na konrodi nyembamba, basi ishia bar 0.4. Weka plagi za baridi zaidi kwa hatua moja, pengo milimita 0.7 hadi 0.8. Ukilenga nguvu za farasi 150, nozeli ziwe za cc 280 hadi 300 kwa dakika, na kompyuta inayoweza kupangwa upya.

4. Kiti kamili cha bei rahisi cha mtandaoni

Intakula na hozi za silikoni hutumika. Manifoldi ya bati jembamba hupasuka kwenye maungio, na tabo lenyewe mara nyingi ni kubwa mno kwa cc 1,500: unafika juu ya Mlima Nyoka halijajaa.

5. "Tabo ya umeme"

Ni feni. Usinunue.

Kwa chaguo la tatu na la nne, tenga pesa ya geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya kununua tabo. Tabo ikisukuma, isome 11.5 hadi 11.8, yaani sehemu hizo za hewa kwa moja ya petroli; ikipanda kuelekea 13, achia pedeli. Na usimalize kupanga Mbeya pekee. Geji ikisoma bar 0.4 ileile, Dar injini inapokea hewa zaidi kwa asilimia 15. Shuka hadi Ruaha Mbuyuni, chini ya Kitonga, pima tena na uiongezee injini petroli kwenye kompyuta, ndipo uendelee na safari ya pwani.