llama.cpp: biti 4 zinatosha, ila zipimie kwa Kiswahili

Modeli ya lugha yenye vigezo bilioni 7 (vigezo ni zile namba zinazobeba ilichojifunza), kila kigezo kikihifadhiwa kwa biti 16, inakula gigabaiti 14 kabla hujaiuliza swali lolote. Laptopu yangu ina RAM ya gigabaiti 8 na haina kadi ya grafiki ya maana. Kwa hesabu hiyo nilikuwa nje ya mchezo, mpaka nilipoanza kutumia llama.cpp.

Programu hii huria ilianzishwa na Georgi Gerganov mwezi Machi 2023. Imeandikwa kwa C na C++, na haikudai upakue rundo la maktaba za Python ndipo iamke. Unaipa faili ya GGUF, yaani muundo wa faili unaobeba modeli, inaanza kujibu. Kinachonifanya niandike, hata hivyo, ni chombo kilichomo ndani yake kiitwacho llama-quantize, ambacho huchukua modeli nzito na kuipunguza biti.

Katika mpango wa Q4_0, namba za modeli hugawanywa katika mafungu ya namba 32. Kila namba hubaki na biti 4, yaani inachagua ngazi moja kati ya 16, na kila fungu hupewa kipimo chake cha biti 16 kinachoonyesha ukubwa wa ngazi hizo. Ukigawanya gharama ya kipimo hicho kwa namba zote 32, kila namba inatoka kwa biti 4.5. Zile gigabaiti 14 zinashuka hadi 4 hivi. Na udogo wa fungu una maana kubwa: namba moja ikiwa kubwa kupita kiasi, ngazi zote hutanuka ili kuifikia, na namba ndogo zinazoizunguka huangukia kwenye sifuri. Hapa zinazoumia ni jirani zake 31 tu, tabaka zima halichafuki. Nimeupenda sana ufundi huu. Mpango wa Q4_K_M ni mwerevu zaidi, kwa kuwa haukati sawa kila mahali; sehemu ya matriksi (majedwali ya namba) zinazoharibika upesi huachiwa biti 6.

Faida si nafasi ya diski peke yake. Modeli inapoandika, kwa kila tokeni moja, yaani neno au kipande cha neno, prosesa hulazimika kusoma namba zote kutoka kwenye kumbukumbu, na katika kompyuta za kawaida usomaji huo ndio unaochelewesha kuliko hesabu zenyewe. Faili ikipungua, majibu yanatoka haraka.

Sasa Kiswahili. Majedwali ya ubora yanayosambazwa mara nyingi hupimwa kwa Wikitext, maandishi ya Kiingereza yaliyotolewa Wikipedia, na kwetu sisi hayasemi mengi. Uzuri ni kwamba llama-perplexity, chombo kinachopima jinsi modeli inavyotatizika kubashiri maandishi (alama ndogo ni bora), inapokea maandishi yoyote, kwa hiyo niliipa ya Kiswahili. Kwa biti 8 sikuona tofauti. Kwa biti 4 alama zilipanda kidogo, na katika usomaji sikuona kilichoharibika. Kwa biti 2 mambo yalibadilika: Kiingereza cha modeli ileile kiliendelea kusomeka, wakati Kiswahili kilipoteza upatanisho. "Vitabu yake zimepotea." Vitenzi vilianza kuja bila nafsi. Nionavyo mimi, lugha iliyopata maandishi machache wakati wa mafunzo haina akiba ya kupunguzwa.

Dawa ipo humohumo. Chombo cha llama-imatrix huendesha modeli juu ya maandishi unayoyachagua, hurekodi namba zipi zinafanya kazi kubwa, kisha llama-quantize huzilinda hizo wakati wa kupunguza. Mtu akikutengenezea faili kwa maandishi ya Kiingereza, amelinda Kiingereza. Nilipoweka maandishi yetu, faili ya biti 3 ilirudisha ngeli zake kwa kiasi cha kuridhisha. Kwa hili peke yake ningewaomba wanaosambaza modeli za Kiswahili wapunguze wenyewe, wasiachie wengine.

Haifanyi kila kitu. Haiifundishi modeli upya baada ya kuipunguza. Ukitaka modeli ndogo iliyofunzwa na modeli kubwa, tafuta zana nyingine. Kazi nyingi hufanyika kwenye terminali, na majina kama Q5_K_S hayajielezi. Faili za zamani za GGML, za kabla ya GGUF kuingia Agosti 2023, usihangaike nazo.

Mwenye RAM ya gigabaiti 8 aanze na Q4_K_M ya vigezo bilioni 7, na aache nafasi, maana mazungumzo yakirefuka nayo hula kumbukumbu. Ikiwa haitoshi, kwa kazi ya Kiswahili mimi huchagua modeli ya bilioni 3 kwa biti 4 au 5, siendi kwenye bilioni 7 kwa biti 2.